Sacco ndogo ya Kenya: kubaki kwa kaunti, kuingia SASRA, au kuungana?

Sacco ya walimu wa tarafa moja, ya wafanyakazi wa kiwanda cha chai au ya wahudumu wa hospitali ya kaunti inaweza kwenda miaka ishirini bila kuulizwa swali gumu. Afisa wa ushirika anahudhuria mkutano mkuu, hesabu zinasomwa, mgao unapitishwa, watu wanarudi makwao. Kisha amana zinakaribia shilingi milioni 100, au Sacco kubwa ya mjini inaleta barua ya kutaka mazungumzo, na kamati inajikuta na njia nne mkononi:

- kubaki Sacco ndogo chini ya ofisi ya ushirika ya kaunti na Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika;
- kuomba idhini ya SASRA, msimamizi wa kitaifa wa Sacco, kama Sacco ya akiba na mikopo pekee, ile ambayo amana zake mwanachama hazichukui mpaka ajitoe (BOSA tupu);
- kuomba leseni kamili ya SASRA ya kupokea amana zinazotolewa wakati wowote, yaani kufungua FOSA;
- kuungana na Sacco nyingine, mara nyingi ile ambayo tayari iko chini ya SASRA.

Ulinganisho huu ni wa wanakamati na wanachama watakaopiga kura. Unahusu Kenya. Tanzania ina mfumo wake: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliweka utoaji wa leseni za SACCOS mikononi mwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu, kwa hiyo tarakimu za hapa zisihamishwe kule, ingawa maswali ya mtaji na ya kuungana yanafanana sana.

Kwanza: je, mna hiari?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja vyama vya ushirika miongoni mwa majukumu ya kaunti. Usajili wenyewe uko kwa Kamishna, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490. Juu ya hapo ikaja Sheria ya Vyama vya Sacco ya 2008 iliyounda SASRA, msimamizi wa kitaifa. Kanuni za 2010 zilishika Sacco zenye FOSA. Kanuni za 2020, zilizoanza kutumika Januari 2021, zikaongeza kundi la pili: Sacco zisizo na FOSA lakini zenye amana za shilingi milioni 100 au zaidi, zile zinazosajili wanachama na kukusanya michango kwa njia za kidijitali, na zile zinazotafuta wanachama miongoni mwa watu wanaoishi nje ya Kenya.

Hili la mwisho linawapita wengi. Wakenya wa Doha, Dubai au Minnesota wakianzisha Sacco ya kununua viwanja nyumbani, kiwango cha amana hakiwaokoi. Hata wakiwa na milioni 12 tu, wako ndani ya kanuni za 2020. Vivyo hivyo Sacco ya mtaani inayofungua usajili mtandaoni kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, kama amana zenu zimeshavuka milioni 100, njia ya kwanza imefungwa na mnachagua kati ya tatu zilizobaki. Kama ziko milioni 85 na zinapanda kwa milioni 8 kwa mwaka, mna muda wa chini ya miaka miwili, na huo ndio muda mzuri wa kuamua. Kuamua baada ya barua ya onyo kufika ni kuamua mkiwa mmebanwa.

Vipimo tunavyotumia

Njia zote nne tunazipima kwa mambo sita: mtaji unaotakiwa, kinachotokea mikopo iliyochelewa ikihesabiwa sawasawa, kazi na gharama za kila mwezi, usalama wa amana, huduma ambazo mwanachama anapata, na sauti yake, pamoja na uwezekano wa kurudi nyuma. Mawili ya kwanza tutayakalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi huvunjikia.

Mtaji

| Kipimo | Kubaki kwa kaunti | Idhini ya SASRA (bila FOSA) | Leseni ya FOSA |
|---|---|---|---|
| Mtaji wa msingi, kiwango cha chini | Hakuna kiwango cha SASRA | Sh milioni 5 | Sh milioni 10 |
| Mtaji wa msingi kwa mali yote | Hakuna | 8% | 10% |
| Mtaji wa taasisi kwa mali yote | Hakuna | Hautumiki kwa namna hii | 8% |
| Ukwasi (fedha zilizo tayari kulipwa) | Kwa sheria ndogo zenu | Kwa sera na kanuni za 2020 | 15% ya akiba zinazotolewa na madeni ya muda mfupi |

Mtaji wa msingi ni mtaji wa hisa pamoja na akiba za chama na ziada iliyobakizwa. Mtaji wa taasisi ni huohuo ukiondoa hisa: fedha ambazo hazina mwenye jina, ambazo hakuna mwanachama anayeweza kuzidai. Amana za wanachama si mtaji. Ni deni la chama kwa wanachama wake, na mwekahazina anayezihesabu kama nguvu ya chama anawapotosha wenzake bila kukusudia.

Chukueni Sacco ya mfano yenye wanachama 900. Mali yote milioni 120. Upande wa pili: amana milioni 96, mkopo wa benki milioni 12, madeni mengine milioni 5, hisa milioni 4, akiba na ziada milioni 3. Mtaji wa msingi ni milioni 7, sawa na asilimia 5.8 ya mali.

Ikitaka idhini isiyo na FOSA, asilimia 8 ni milioni 9.6, kwa hiyo inapungukiwa milioni 2.6. Wakigeuza sehemu ya amana kuwa hisa, kila mwanachama anahamisha wastani wa shilingi 2,890. Wakileta fedha mpya, mali nayo inaongezeka, kwa hiyo pengo linakuwa karibu milioni 2.83, yaani shilingi 3,140 kwa kila mtu. Linawezekana ndani ya mwaka mmoja kwa makato madogo.

Kugeuza amana kuwa hisa kunaonekana rahisi kwa kuwa hakuna anayetoa pesa mfukoni, ila kuna bei yake. Mwenye kukopa mara tatu ya amana zake anapoteza uwezo wa kukopa wa shilingi 8,670 kwa kila 2,890 zinazohamishwa. Pia hisa haichukuliki mtu akijitoa. Lazima aiuze kwa mwanachama mwingine. Fanyeni hivyo kwa azimio la mkutano mkuu na marekebisho ya sheria ndogo. Kamati iliyohamisha kimyakimya hujikuta ikijibu kesi mbele ya Mahakama ya Vyama vya Ushirika.

Ikitaka FOSA, mambo yanageuka. Mtaji wa msingi wa asilimia 10 ni milioni 12: pengo la milioni 5, au kama shilingi 5,560 kwa mwanachama. Ni kubwa, lakini watu wenye nia wanaweza. Tatizo ni mtaji wa taasisi. Asilimia 8 ni milioni 9.6 na chama kina milioni 3. Pengo la milioni 6.6 haliwezi kuzibwa kwa hisa hata mngechanga mara mbili, kwa sababu hisa hazihesabiwi humo. Linazibwa na ziada mnayoibakiza badala ya kuigawa. Kama chama kinabakiza milioni 1.1 kwa mwaka, ni miaka sita, na hapo tumejifanya mali haikui. Tunasisitiza hili kwa kuwa kampeni nyingi za "tufungue FOSA" huuzwa mkutanoni kwa hesabu ya hisa peke yake.

Kuungana kunatatua swali la mtaji pale tu ambapo mwenzenu ana ziada ya mtaji. Sacco mbili zenye asilimia 6 kila moja zikiungana zinapata Sacco moja kubwa yenye asilimia 6. Fanyeni hesabu ya mizania iliyounganishwa kabla ya kikao cha kwanza cha mazungumzo: jumlisheni mali, jumlisheni mtaji, gawanyeni. Ni kazi ya nusu saa na huzuia miezi ya safari za bure.

Mikopo iliyochelewa

Chini ya kaunti, mkopo uliolala mara nyingi hubaki vitabuni kwa thamani yake kamili, kwa matumaini kwamba wadhamini watalipa. SASRA hairuhusu hivyo. Kanuni za 2010 zinapanga mikopo kwa siku za kuchelewa, na kila daraja lina tengo lake la hasara, yaani sehemu ya mkopo inayowekwa kando kana kwamba haitalipwa: mkopo usiochelewa, asilimia 1; siku 1 hadi 30, asilimia 5; siku 31 hadi 180, asilimia 25; siku 181 hadi 360, asilimia 50; zaidi ya siku 360, asilimia 100. Kanuni za 2020 zinafuata mkondo huohuo.

Turudi kwa Sacco ya mfano. Ina mikopo ya milioni 102: milioni 96 haijachelewa, milioni 4 imechelewa kati ya siku 31 na 180, milioni 2 imepita mwaka. Tengo ni 960,000 na milioni 1 na milioni 2, jumla milioni 3.96. Kama hakuna kilichotengwa awali, akiba yote ya milioni 3 inakwisha na bado kuna shimo la karibu milioni moja. Mtaji wa msingi unashuka hadi milioni 3.04, chini hata ya kile kiwango cha milioni 5. Chama kilichodhani kinapungukiwa milioni 2.6 sasa kinapungukiwa zaidi ya milioni 6.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, njia yoyote mtakayochagua, ni orodha ya mikopo kwa umri wa kuchelewa. Iandaliwe na mkaguzi wa nje, si na afisa mikopo aliyeitoa. Angalieni hasa mikopo iliyoongezewa muda au iliyolipwa kwa kutolewa mkopo mpya: kompyuta inaonyesha siku sifuri, lakini mkopaji hajaleta shilingi tangu mwaka juzi. Angalieni pia makato ya mshahara ambayo mwajiri amekata lakini hajawasilisha. Hilo ni tatizo la kaunti na viwanda vingi, na kwa vitabu vya Sacco mkopo huo umechelewa, hata kama mkopaji ana payslip inayoonyesha amekatwa.

Katika kuungana, orodha hii ndiyo kiini cha mazungumzo. Kila upande ukague vitabu vya mwenzake kwa kanuni hizihizi, na uangalie pia fedha zilizowekwa nje ya Sacco. Sakata la KUSCCO, chama mwavuli cha Sacco nchini, ambapo ukaguzi wa uchunguzi ulionyesha upotevu wa takriban shilingi bilioni 13, liliziacha Sacco nyingi zikilazimika kutenga hasara kwa fedha walizokuwa wameziandika kama uwekezaji salama. Ulizeni wazi: mmeweka wapi, kiasi gani, mmetenga nini?

Kazi na gharama za kila mwezi

Kubaki ni rahisi zaidi. Mhasibu mmoja, mkaguzi wa mwaka, afisa wa kaunti, ofisi ya kukodi. Sacco ya watu 300 wanaojuana inaweza kuendeshwa hivyo kwa heshima kabisa, na tusiibeze.

Idhini ya SASRA huleta taarifa za mara kwa mara kwa fomu zilizowekwa, ada ya usimamizi inayokokotolewa kutokana na amana, idhini inayohuishwa kila mwaka, na uchunguzi wa wakurugenzi: cheti cha tabia njema cha polisi, uthibitisho wa kodi wa KRA, rekodi ya mikopo. Mwenyekiti ambaye mkopo wake mwenyewe umechelewa ndiye wa kwanza kuzuia ombi. Mtahitaji mfumo wa kompyuta unaotoa orodha ya umri wa mikopo kwa kubonyeza, maana kuiandaa kwa mkono kila mara hakuwezekani.

FOSA ni daraja jingine. Taarifa za mtaji na ukwasi hufika SASRA kila mwezi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Hesabu zilizokaguliwa huenda SASRA ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kufungwa, kabla ya kusomwa kwa wanachama. Mnahitaji upembuzi yakinifu, chumba cha fedha chenye usalama, bima ya fedha, makeshia, mkaguzi wa ndani, taratibu za kuzuia utakatishaji fedha. Tena kuna mipaka: mkopo kutoka nje usizidi asilimia 25 ya mali, na mkopo kwa mwanachama mmoja usizidi asilimia 10 ya mtaji wa msingi. Ile Sacco ya mfano yenye mtaji wa milioni 7 isingeweza kumkopesha mtu zaidi ya shilingi 700,000; baada ya tengo la hasara, 304,000. Wanachama wakubwa wanaochochea FOSA wajue hilo mapema.

Kuungana kunagawa gharama hizi kwa watu wengi, lakini mwaka wa kwanza ni ghali: ukaguzi wa pande mbili, mawakili, kuhamisha data, na wafanyakazi. Wanaopunguzwa kwa nafasi kutohitajika wanadai notisi na kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi, kwa Sheria ya Ajira. Wekeni kiasi hicho kwenye bajeti ya muungano kabla ya kura.

Usalama wa amana

Msimamizi wa kitaifa anaona matatizo mapema kuliko afisa wa kaunti mwenye vyama mia na gari moja. Ana mamlaka ya kuondoa wakurugenzi, kuzuia mgao na kunyima leseni. Huo ni ulinzi wa kweli. Si dhamana, lakini. Shirika la bima ya amana la KDIC linahusu benki, si Sacco. Sheria ya 2008 ina sehemu ya mfuko wa dhamana ya amana. Kabla ya kumwambia mwanachama kwamba "SASRA italipa", mwulizeni msimamizi mwenyewe kwa maandishi kama mfuko huo unalipa, na hadi kiasi gani.

Kanada inaonyesha kwamba kuhamia usimamizi wa kitaifa kunaweza hata kubadili dhamana kwa upande usiotarajiwa. Tangu Desemba 2012 vyama vya akiba na mikopo vya mikoa vinaruhusiwa kuhamia serikali ya shirikisho, na Coast Capital Savings ya British Columbia ilihama tarehe 1 Novemba 2018. Dhamana ya mkoa ule haikuwa na kikomo. Ya shirikisho ni dola 100,000 za Kanada kwa kila aina ya amana. Chama kilipata soko la nchi nzima, na mwenye amana kubwa akalazimika kupanga upya fedha zake. Kwa hiyo swali "ni nini kinabadilika kwa amana yangu?" liulizwe kwa kila pendekezo, popote.

Huduma

Hapa hatuhitaji maneno mengi. Kubaki na kupata idhini bila FOSA kunampa mwanachama kitu kilekile: akiba, mkopo wa mara tatu au nne ya amana, mgao. FOSA inaongeza kupitishia mshahara, akaunti ya kutoa wakati wowote, mkopo wa dharura wa siku hiyohiyo, ATM. Kuungana na Sacco yenye FOSA kunawaletea hayo bila kuyajenga, ila ulizeni tawi la karibu liko wapi. Mkulima wa Lamu hanufaiki na FOSA iliyo Mombasa kama mtandao wa simu ndio njia pekee na ada yake ni kubwa.

Mkiona wanachama wengi wanachotaka ni mkopo wa haraka tu, si akaunti ya mshahara, basi tatizo lenu ni utaratibu wa kuidhinisha mikopo, na linatibika bila leseni yoyote.

Sauti ya mwanachama, na kurudi nyuma

Katika ushirika ni mtu mmoja kura moja, lakini Sacco kubwa nyingi hutumia wajumbe. Wanachama 900 waliokuwa wakijaza ukumbi wao wanaweza kuwa na wachache tu kati ya wajumbe 150. Kama mnaungana, idadi ya viti vyenu vya wajumbe na vya bodi, na kwa miaka mingapi vitalindwa, iandikwe katika sheria ndogo mpya. Ikibaki katika hotuba ya mwenyekiti, haitadumu. Sacco za taaluma moja zilizofungua milango zimekua sana, kama Imarika iliyoanza na walimu wa Kilifi. Ukuaji huo una gharama ya utambulisho, na kila chama kiamue kama kinaikubali.

Kubaki leo hakukuzuii kuhama kesho. Idhini bila FOSA inaweza kuwa daraja la kuelekea FOSA. FOSA ikishafunguliwa, kuifunga ni kurudisha kila shilingi ya akiba zinazotolewa. Kuungana hakurudi nyuma: vyama vya zamani vinavunjwa na usajili wao kufutwa.

Kuungana kunavyokwenda, hatua kwa hatua

Kifungu cha 29 cha Sura ya 490 ndicho kinachotawala. Kila chama kinapitisha azimio la awali kwa mkutano mkuu, kwa wingi wa azimio maalum. Nakala inapelekwa kwa wanachama wote, wadai wote na kila mwenye maslahi. Mwanachama asiyetaka kwenda anaandika notisi angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuungana, na ana haki ya kurudishiwa mtaji wake. Mdai naye anaweza kudai alipwe. Isipungue miezi mitatu baada ya mkutano wa kwanza, kunafanyika mkutano wa pili wa kuangalia notisi hizo, kupanga malipo yake, na kuthibitisha azimio kwa theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Kisha Kamishna anasajili chama kipya, na usajili huo wenyewe unahamisha mali na madeni. Palipo na Sacco ya SASRA, kibali chake kitafutwe kabla ya azimio la awali, si baada.

Kihalisia, hesabuni mwaka mmoja. Na haya ndiyo huharibika:

Thamani ya hisa. Sacco A ina hisa milioni 4 na mtaji wa msingi milioni 7: kila shilingi ya hisa ina mtaji wa 1.75 nyuma yake. Sacco B ina 2.40. Wakibadilishana shilingi kwa shilingi, wanachama wa B wamewapa wa A sehemu ya jasho lao la miaka. Uwiano upangwe baada ya tengo la mikopo, na uelezwe kwa mfano wa mtu mwenye hisa 10,000.

Makato ya mshahara. Kila mwajiri ana nambari ya makato ya Sacco ya zamani. Isipobadilishwa kabla ya mshahara wa kwanza, fedha zinakwenda akaunti iliyofungwa na mikopo mia kadhaa inaanza kuchelewa siku moja. Andikieni waajiri miezi mitatu mapema na acheni akaunti ya zamani wazi kwa miezi sita.

Salio. Mpeni kila mwanachama taarifa yenye amana, hisa, mkopo na orodha ya anaowadhamini, aitie sahihi kabla data haijahamishwa. Wadhamini ndio husahaulika: mfumo mpya unabeba mkopo bila majina yao, na mkopaji akikwama hakuna wa kumfuata.

Masharti ya mikopo. Kama A inakopesha mara nne kwa miezi 48 na B mara tatu kwa miezi 36, amueni mapema mikopo ya zamani itaendelea kwa mkataba wake hadi mwisho. Kubadili riba katikati huleta kesi.

Kwa hali yenu

Amana chini ya milioni 60, zinakua polepole, wanachama wanajuana, mikopo iliyochelewa ni kidogo: kubaki kunawafaa. Anzeni tu kutumia jedwali la tengo la SASRA kwa hiari na kubakiza sehemu kubwa zaidi ya ziada.

Amana kati ya milioni 80 na 100, mtaji wa msingi juu ya asilimia 6 baada ya tengo: jiandaeni kwa idhini bila FOSA. Pitisheni ongezeko la hisa mwaka huu, safisheni orodha ya mikopo, na badilisheni wakurugenzi ambao hawatapita uchunguzi.

Mko tayari chini ya SASRA bila FOSA, mtaji wa taasisi unakaribia asilimia 8, na zaidi ya nusu ya wanachama wanasema kwa maandishi kwamba watapitishia mishahara kwenu: FOSA ina msingi. Bila hayo mawili, subirini.

Mmevuka milioni 100 na mtaji baada ya tengo ni asilimia 3 au 4: tafuteni mwenza wa kuungana sasa, mkiwa bado na wanachama waaminifu na tawi linalotembelewa. Mkiingia mazungumzoni hesabu zenu zikiwa wazi mtapata viti na uwiano wa haki. Mkificha, ukaguzi utafichua na masharti yatakuwa ya yule mwingine.

Sacco ya walio ughaibuni: msikusanye mchango wa kwanza kabla ya idhini. Kama kundi ni dogo, kujiunga na Sacco yenye idhini inayopokea wanachama wa nje kunaweza kuwa bora kuliko kuanzisha yenu.

Ninyi ndio Sacco kubwa mnaoletewa ombi na ndogo: hesabuni mizania iliyounganishwa baada ya tengo, si kabla. Kama mtaji wenu unabaki juu ya asilimia 10 na mtaji wa taasisi juu ya 8, endeleeni. Kama unashuka chini hata kwa robo moja ya mwaka, ombeni Sacco ile ifanye kwanza makusanyo ya mikopo mibaya kwa miezi sita, kisha mzungumze upya kwa tarakimu mpya.